Bastola Inapokwama Pwani: Soma Ganda Kabla ya Kulaumu Chuma

Bastola ikikataa kulia uwanjani, kitu cha kwanza mwenyewe anachofanya ni kuitukana. Ataigeuza, ataitikisa, atamwonyesha jirani, kisha ataanza kuuliza bei ya mpya. Mara nyingi chuma hakina kosa. Kosa limo kwenye risasi iliyolala miezi na miezi katika droo yenye unyevu, au kwenye magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) iliyoingia mchanga, au kwenye mafuta yaliyogeuka gundi. Ndiyo maana mtu akija kwangu na bastola iliyokwama simwombi bastola. Namwomba risasi iliyokataa, au ganda lililotoka. Baada ya hapo naangalia magazini, kisha mkono wa mpigaji. Bastola yenyewe huwa ya mwisho.

Haya ni maelezo kwa mtu mwenye cheti cha silaha anayefanya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Mifano mingi ni ya risasi ya 9×19, aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, maana ndiyo unayoiona zaidi mstarini, iwe bastola ni Ceska au Glock.

Kabla ya uchunguzi wowote: mtutu uelekee kwenye tuta la kuzuia risasi, kidole kiwe nje ya kifyatulio, magazini itoke kwanza, ndipo uvute slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele. Wako wanaogeuza mpangilio huo, na hilo ndilo kosa linaloua watu majumbani. Ukivuta slaidi huku magazini ingali ndani, unatoa risasi moja na kupakia nyingine; kisha unachomoa magazini ukiamini bastola ni tupu, kumbe chemba, pale risasi inapokaa tayari kulia, imejaa. Angalia chemba kwa macho, halafu ingiza kidole kidogo uhisi. Ukiwa nyumbani, risasi zote ziwe chumba kingine kabla hujafungua chochote.

Umevuta, ukasikia "tik", basi

Usiteremshe mtutu. Ubaki umeelekea kwenye tuta, na uhesabu polepole hadi 30. Fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, ikiingia unyevu inaweza kuwaka kwa kuchelewa, na risasi inayolia ukiwa umeigeuza bastola kuitazama haina rafiki. Baada ya hapo toa magazini, vuta slaidi, iache risasi ianguke chini. Usiidake hewani kwa mkono, hata kama umeona watu wakifanya hivyo kwenye sinema.

Kama hakikutoka kitu, umepata jibu: chemba ilikuwa tupu. Magazini haikuingia hadi mwisho, slaidi ikapita juu ya risasi bila kuichukua. Hii ndiyo "tik" ya kawaida kuliko zote, na hakuna fundi wa kumlipa. Sukuma magazini kwa kiganja mpaka isikike imeshika, kisha ivute chini kidogo kuhakikisha.

Kama risasi imetoka, ilete kwenye mwanga uangalie fataki, ile duara ndogo katikati ya kitako cha ganda. Alama ya pini, ile sindano inayoigonga fataki, ndiyo itakayosema.

Fataki haina alama kabisa: pini haikufika. Huenda imevunjika, na hilo ni la fundi mwenye leseni. Ila kwanza jiulize kama slaidi ilikuwa imefunga sawasawa. Bastola nyingi za kisasa zimeundwa zisipige slaidi ikiwa imebaki nyuma hata kidogo, na uchafu mdogo ndani ya chemba unatosha kuiacha nyuma.

Alama ipo lakini ni nyepesi, kama imeguswa tu: pini ilifika bila nguvu. Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Mwenye bastola anaogopa kutu, kwa hiyo anamwaga mafuta kila tundu analoliona, pamoja na lile la pini. Mafuta yale yanakutana na vumbi, masizi na joto, yanakuwa uji mzito, na pini inatembea humo kwa kujivuta. Njia ya pini inatakiwa iwe safi na kavu. Kwa bastola kama Glock, watengenezaji wenyewe wanataka sehemu hiyo isitiwe mafuta kabisa. Isafishe, ikaushe, ujaribu tena kabla hujafikiria kubadilisha springi.

Na tukiwa kwenye mafuta: mafuta ya nazi ni ya nywele na ya kupikia. Najua yapo kila nyumba, na najua babu alipaka panga lake kwa hayo hayo. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba chenye kiyoyozi hufika huko kirahisi. Bastola iliyopakwa mafuta ya nazi ikalala chumbani kwenye nyuzi 20, asubuhi ina nta ndani. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hayagandi, yanafaa kwa dharura kwenye reli za slaidi, ila hayalindi dhidi ya kutu kwa muda mrefu. Nunua mafuta ya bunduki. Chupa ndogo inakaa sana, kwa sababu kinachohitajika ni tone moja kila upande wa reli na utando mwembamba juu ya chuma, upanguse hadi ubaki mng'aro tu.

Alama ni ya kina, iko katikati, na bado risasi haikulia: bastola ilifanya kazi yake. Risasi ndiyo iliyokufa. Wakati mwingine fataki haikukazwa vizuri kiwandani, pigo la kwanza likaisukuma ndani badala ya kuiwasha. Mara nyingi zaidi, kwa hapa kwetu, imeingia unyevu au mafuta. Yale mafuta mepesi ya kupuliza, ya kufungulia boliti zilizoshika kutu, yana sifa ya kupenya penye upenyo usioonekana. Sifa hiyo hiyo inayapeleka hadi ndani ya fataki. Usipulizie bastola iliyopakiwa, wala usipanguse risasi kwa kitambaa chenye mafuta ukidhani unazitunza. Risasi huhifadhiwa kavu.

Zikikataa kadhaa kutoka boksi moja, weka boksi zima kando na uandike namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye karatasi. Muuzaji ataihitaji.

Mlio umekuwa hafifu

Acha. Usivute tena. Hata kama mazoezi ni ya mashindano na saa inahesabu.

Mlio wa "puf" badala ya mlio kamili, teke la bastola likiwa dogo, pengine moshi ukitoka kwenye slaidi: maana yake baruti haikuwaka yote, au haikuwepo. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa cha risasi kikakwama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata inakikuta pale. Ukiwa na bahati mtutu unavimba. Usipokuwa nayo, unapasuka mkononi mwako. Hatari ni kwamba mkono uliozoea unavuta slaidi na kufyatua tena bila akili kushirikishwa, na bastola itapakia vizuri tu, bila kukuonya.

Toa magazini, toa kilichomo chembani, fungua bastola, chomoa mtutu na uutazame kuelekea kwenye mwanga. Huoni mwanga? Kichwa kimo. Kinatolewa kwa ufito wa shaba au wa mbao ngumu, kwa kugongwa taratibu, na fundi. Si kwa nondo, si kwa bisibisi, na kamwe si kwa kupiga risasi nyingine "ikisukume".

Swali la kujaza maganda upya

Risasi zikipanda bei, lazima mtu aulize: haya maganda tunayoyaokota mchangani, si tuyajaze wenyewe nyumbani? Marekani wanafanya, tena gerejini na bila kificho. Ganda linasafishwa, linabanwa kwenye kalibu lirudi kipimo chake, fataki iliyotumika inatolewa na kuwekwa mpya, baruti inapimwa kwenye mizani ndogo, kisha kichwa kipya kinakandamizwa. Kuna mashine za mkono za kazi hiyo na vitabu vizima vya vipimo.

Hapa kwetu Kenya cheti chako, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinakuruhusu kununua na kuwa na risasi kwa kiasi kilichoandikwa. Hakikupi ruhusa ya kuzitengeneza. Ukikutwa na baruti na fataki kwenye kabati la jikoni Kisauni, hutakuwa na maelezo yatakayokusaidia. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na sioni haja ya kulizungusha.

Lakini ninalitaja hapa kwa sababu dalili za risasi zilizojazwa nyumbani zinaweza kukufikia bila wewe kujaza hata moja. Unauziwa risasi zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, bila boksi, bila namba ya toleo, "za bei nzuri, ndugu yangu". Aliyezijaza akipitiwa na mawazo kidogo, moja haina baruti: hiyo ni ile "puf" tuliyoizungumza. Nyingine ina baruti mara mbili. Kipimo cha risasi ya bastola ni kidogo sana, na kwa aina nyingi za baruti vipimo viwili vinaingia kwenye ganda moja bila kumwagika, kwa hiyo macho hayagundui. Hiyo haitakupa mlio hafifu. Itakupa ganda lililovimba karibu na kitako, fataki iliyobapa hadi imejaa ukingo hadi ukingo, teke lisilo la kawaida, na pengine magazini iliyopasukia chini. Ukiona ganda la namna hiyo, mazoezi yameisha siku hiyo. Halafu kuna suala la sheria: risasi zisizo na stakabadhi ya muuzaji mwenye leseni ni kesi, hata zikilia vizuri zote.

Ganda linabanwa na slaidi, halitoki

Ganda limetoka chembani, likashindwa kuruka nje, slaidi ikalibana. Watu hukimbilia kubadilisha springi. Anza na mkono.

Bastola inayojipakia yenyewe inahitaji fremu itulie ili slaidi ipate kurudi safari yote. Kiwiko kikilegea na kifundo cha mkono kikipinda, bastola yote inarudi pamoja na slaidi, na nguvu inapotea. Mpe mtu mwingine mwenye mkono imara apige magazini moja kwa bastola ile ile na risasi zile zile. Ikilia yote bila kukwama, umeshajua. Wageni wa bastola hulichukua jambo hili kama tusi. Si tusi, ni mazoezi tu yanahitajika, na bastola ndogo nyepesi huwasumbua hata wakongwe.

Ikikwama kwa kila mtu, tazama kulabu, ile ndoano ndogo ubavuni mwa slaidi inayoshika ukingo wa ganda. Masizi yakijaa chini yake haishiki sawasawa. Kijiti cha meno na kitambaa vinatosha. Tazama pia maganda yanaangukia wapi: bastola iliyokuwa ikitupa maganda hatua kadhaa kulia, sasa inayaangusha juu ya viatu vyako, inaishiwa nguvu. Ama risasi ni dhaifu, ama bastola ni chafu na kavu.

Risasi haiingii chembani

Hapa magazini ndiyo mshukiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Andika namba kwenye kila magazini kwa kalamu ya wino usiofutika. Mtu mwenye magazini zilizofanana, asiyejua ipi ilikwama, anaweza kuhangaika mwaka mzima. Mwenye namba anajua kabla ya chakula cha mchana kwamba ni namba 3 tu.

Kagua midomo yake ya juu, kama imepanuka au imegongwa ilipoanguka kwenye saruji. Ifungue, uitoe springi na kisukumio. Ukiwa mtu wa kufika Nyali au Shanzu na bastola kiunoni, usishangae kukuta mchanga mweupe humo, laini mno. Safisha, kausha, rudisha bila mafuta ndani; mafuta kwenye magazini hukamata mchanga na kuzipaka risasi. Springi za magazini huchoshwa zaidi na kujazwa na kumwagwa mara nyingi kuliko kukaa zimejaa, kwa hiyo zile za mazoezi ndizo zitakazokufa kwanza, na ni vizuri hivyo.

Halafu kuna chanzo ambacho wengi hawakijui. Mzee mmoja, mtu wa heshima, mfanyabiashara, alikuja uwanjani akilalamika kwamba risasi ya kwanza humgomea lakini zinazofuata hazina shida.

"Ami," nikamwambia, "usiku ukifika nyumbani unafanyaje?"

"Naitoa ile ya chembani, naiweka sefuni na bastola. Asubuhi nairudisha."

"Ile ile?"

"Ile ile, mwanangu. Nibadilishe ya nini, haijalia."

Nikaisimamisha mezani kando ya mpya kutoka boksi lile lile. Tofauti ilionekana bila rula: kichwa cha ile ya kwake kilikuwa kimezama ndani ya ganda. Kila asubuhi slaidi ilipoifunga chembani, pua ya risasi iligonga ngazi ya mtutu, ule mteremko unaoipandisha chembani, na kichwa kikasukumwa ndani kidogo tu. Kidogo cha kila siku kikajumlika. Urefu wa juu kabisa wa risasi ya 9×19 ni milimita 29.69, na viwanda hufunga chini ya hapo kidogo. La kuangalia ni kwamba ndugu wa boksi moja wawe sawa. Iliyofupika huenda isipande vizuri, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba nafasi ya baruti ndani imebanwa, na presha inapanda juu ya ile iliyokusudiwa. Ami alizungusha ile risasi kwenye vidole vyake, akaiangalia mpya, akaguna.

Dawa ni rahisi. Ipunguzie bastola safari za kupakiwa na kupakuliwa kama sefu yako ni salama na sheria inaruhusu. Unapolazimika, badilisha risasi ya juu, na kila unapokwenda uwanjani zipige zile ulizozibeba ununue nyingine badala yake. Iliyokwisha kufupika haipigwi.

Ganda limeng'ang'ania chembani

Kama kulabu imeng'oa kipande cha ukingo wa ganda, au ganda limetoka na mikwaruzo ya urefu, chemba ina kutu au masizi makavu. Burashi ya chemba, kimiminika cha kusafishia, basi. Chemba iliyoliwa na kutu hadi ikawa na vishimo haisuguliwi kwa msasa. Mtutu unabadilishwa na fundi mwenye leseni.

Ukijani kwenye shaba

Ganda la risasi ni shaba ya njano, kwa kawaida asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Kufifia na kuwa kahawia si ugonjwa. Ukijani ndio ugonjwa, na kwetu unakuja upesi.

Mkosaji wa kawaida ni mkoba wa ngozi. Ngozi ina mabaki ya dawa za kuitengenezea, na inanyonya jasho na kulihifadhi. Kubeba bastola kwenye mkoba wa ngozi ni sawa. Kuilaza humo usiku, na risasi kwenye vijumba vya mkanda wa ngozi wiki nzima, ndiko kunakozaa ukijani. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ki kiunoni hasa.

Ukijani mwepesi wa juu, unaotoka kwa kitambaa kikavu na kuacha shaba laini, risasi hiyo ipeleke uwanjani ipigwe mapema. Ukipangusa ukakuta vishimo, au ukijani umezunguka fataki, au umeingia pale kichwa kinapokutana na ganda, iweke kando. Iliyo na ufa shingoni ndiyo usiijaribu kabisa.

Nyufa hizo zina historia. Wanajeshi wa Uingereza walipokuwa India waliona risasi zao zikipasuka zenyewe wakati wa mvua, zile zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi hasa. Chanzo kilielezwa vizuri mwaka 1921: amonia itokayo kwenye mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu na shaba ambayo bado ina mkazo wa kiwandani, huipasua. Mombasa hatuna farasi wengi, lakini tuna mabanda ya kuku uani, na tuna makabati ambamo risasi zinakaa rafu moja na dawa ya kusafishia vioo. Amonia imo pia kwenye dawa nyingi za kung'arishia shaba. Ile unayopakia sinia la kahawa la bibi, au njumu za mlango wa Mji wa Kale, usiipake risasi hata kidogo. Risasi haishindani urembo na mtu.

Zilizokataliwa hazitupwi baharini pale Likoni, wala kwenye jaa. Zipeleke kwa muuzaji mwenye leseni au kwa polisi, na uhakikishe hesabu yako imeandikwa.

Kutu asubuhi, na jana ulisafisha

Hili ndilo lalamiko la pwani kuliko yote, na chanzo chake wengi wanakitafuta nje ilhali kimo chumbani.

Fikiria siku ya kawaida: joto nyuzi 30, unyevu wa hewa asilimia 75. Hewa ya namna hiyo huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake. Sasa bastola imelala kwenye sefu ndani ya chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 20. Unaitoa, unaifunga kiunoni, unafungua mlango. Chuma kinatoka jasho papo hapo, sawa na gilasi ya madafu iliyotoka friji, ila jasho hili hulioni kwa sababu liko chini ya shati, ndani ya reli za slaidi na kwenye vichwa vya pini. Jioni unarudi, unaifungia sefuni ikiwa na maji na chumvi ya mwili wako. Kutu inaanzia pale kidole hakifiki: chini ya nishani ya kulengea, kwenye kitufe cha magazini, kwenye skrubu za mpini.

Huwezi kuzima hewa ya Mombasa, wala sitakwambia uzime kiyoyozi Februari. Panga mambo mengine. Sefu isikae ukuta mmoja na kiyoyozi. Ukirudi jioni, pangusa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha kwa chenye mafuta kidogo, na uiache bastola nje ya mkoba wake. Lile sanduku zuri lenye sponji ililokuja nalo ni la kusafirishia. Sponji inashika unyevu na kuukumbatisha chuma usiku kucha.

Risasi ziwe kwenye sanduku la chuma lenye mpira wa kuziba ukingoni, zikiwa bado ndani ya boksi zake za karatasi, pamoja na pakiti za silika jeli. Zile chembe zina rangi ya kuonyesha hali: za bluu hugeuka waridi zikishiba maji, za chungwa hugeuka kijani. Zikishiba, ziweke kwenye oveni kwenye nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, zirudi kazini. Mchele kwenye kitambaa ni utani; hapa mchele wenyewe unahitaji kuokolewa na unyevu. Usifungue sanduku hilo lingali baridi kutoka chumba cha kiyoyozi. Liache lipate joto la nje kwanza, la sivyo hewa ya nje itaacha maji yake juu ya kila ganda. Kwenye kila boksi andika mwezi na mwaka ulionunua, za zamani zitangulie kupigwa, hasa kabla ya masika kuingia Aprili.

Kama bastola imeingia maji ya bahari, mafuta peke yake hayasaidii, kwa sababu mafuta hayayeyushi chumvi. Unaifungia chumvi chini ya utando tu. Ipakue, ifungue, ioshe kwa maji mengi, ikaushe kabisa, ndipo upake mafuta. Maji yenyewe yawe matamu. Nyumba nyingi za huku bomba linatoa maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kazi bure. Mtungi wa yule kijana wa mkokoteni unatosha. Risasi zilizokuwemo wakati huo hazirudishwi boksini.

Ya kumwachia fundi

Ufa wowote kwenye slaidi au fremu. Mtutu wenye pete ya uvimbe, ambayo huhisiwa kwa kupitisha ukucha juu yake au huonekana ndani kama mduara mweusi. Bastola inayolia mara mbili kwa mvuto mmoja. Kifyatulio kisichorudi mbele. Sefti isiyoshika. Katika hali hizi haipigwi risasi hata moja "ya kujaribu". Ipakue, ifunge, uipeleke kwa fundi aliye chini ya muuzaji mwenye leseni, pamoja na cheti chako na yale maganda ya mwisho ndani ya bahasha.